Kompyuta ya injini inayofika ikiwa imekwisha kupangwa: tathmini ya huduma

Huduma ninayoitathmini hapa ni ile ya kuagiza kompyuta ya injini, yaani ECM, iliyokarabatiwa na kuandikiwa programu kabla ya kutumwa. Mwagizaji hutoa VIN, yaani namba ya utambulisho wa gari, namba ya kipuri iliyochapishwa kwenye kompyuta ya zamani na maelezo ya hitilafu. Mtoa huduma hutafuta kompyuta ya aina ileile, huirekebisha, huiandika VIN ya gari husika pamoja na toleo la karibuni la programu ya mtengenezaji, kisha huituma pamoja na karatasi ya maelekezo. Kauli yao ya kibiashara ni fupi: chomeka, uwashe. Mimi ni fundi umeme wa magari na nimeitumia huduma hii kwa magari ya wateja, ya petroli na ya dizeli. Jina la kampuni silitaji, kwa kuwa kampuni za namna hii ni nyingi, utaratibu wao unafanana, na ninayoyasema yatamfaa yeyote anayefikiria kuagiza kutoka kwa mojawapo. Kwa maoni yangu, kazi ya kielektroniki wanaifanya vizuri, na maswali wanayouliza kabla ya kupokea oda yanazidi ya gereji nyingi. Ila ile ahadi ya kuchomeka na kuwasha ni kweli kwa sehemu tu ya magari, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mteja ataridhika au ataishia na gari lililolala.

Nianze na hayo maswali, kwa sababu ndiyo yaliyonifanya niichukulie kampuni hii kwa uzito. Fomu yao ya oda hairidhiki na namba ya kipuri. Inataka misimbo yote ya hitilafu iliyosomwa na mashine, volti zinazofika kwenye pini za umeme za kompyuta swichi ikiwa imewashwa, kiasi cha volti kinachopotea kwenye waya za ethi, na jibu la kama kompyuta ya zamani bado inawasiliana na mashine ya kupimia. Oda yangu mojawapo waliirudisha kwa sababu kipimo cha ethi hakikujazwa, nao walitaka kipimwe huku saketi ikiwa na mzigo. Wapo mafundi watakaoudhika na jambo hilo. Mimi naona ndilo linalotenganisha muuzaji wa vipuri na mtu anayeijua kazi.

Sababu ni kwamba kompyuta ya injini husingiziwa sana. Gari likikataa kuwaka na mashine isipopata mawasiliano, wengi hutamka palepale kwamba kompyuta imekufa. Msimbo U0100, unaotokea kwenye kompyuta nyingine za gari kueleza kwamba zimepoteza mawasiliano na ile ya injini, hausemi kwamba ya injini imeharibika. Unasema haisikiki tu. Huenda fyuzi imekatika, rilei kuu haifungi, waya wa ethi umeoza chini ya boliti yake, au waya mbili za CAN, mtandao unaounganisha kompyuta za gari, zimegusana. Kwenye soketi ya OBD-II, ile ya kuchomekea mashine ya kupimia, pini ya 16 ni umeme wa betri, pini za 4 na 5 ni ethi, na pini za 6 na 14 ndizo za CAN. Betri ikiwa imefunguliwa, ukinzani kati ya pini hizo mbili unapaswa kuwa karibu omu 60, kwa kuwa mtandao una vizuizi viwili vya omu 120 kila kimoja, kimoja kila mwisho. Ukipata 120, kimoja hakipo kwenye mzunguko. Na kwa kuwa katika magari mengi kimojawapo kimo ndani ya kompyuta ya injini yenyewe, kipimo hicho kinaweza kuonyesha kama waya zinaifikia au haziifikii. Ni kazi fupi ya mita ya kawaida, na imewahi kunizuia kuagiza kompyuta ambayo haikuhitajika.

Kuna pia volti 5 ambazo kompyuta huzipeleka kwenye sensa. Sensa kadhaa hutumia mstari mmoja, hivyo sensa moja ikipiga shoti, mstari mzima unaanguka na injini inapoteza taarifa za kanyagio la mafuta, za msukumo wa hewa na nyinginezo kwa mkupuo mmoja. Kwa asiyezoea, hali hiyo inafanana kabisa na kompyuta iliyochanganyikiwa. Dawa yake ni kuchomoa sensa moja baada ya nyingine huku ukiitazama mita. Volti zikirudi ghafla, mwenye kosa umempata, na mara nyingi yeye ni wa bei ndogo sana kuliko kompyuta.

Misimbo inayoelekea kweli kwenye kompyuta yenyewe ni ile ya P0601 hadi P0606: P0601 kwa jumla ya ukaguzi wa kumbukumbu isiyolingana, P0602 kwa programu isiyokamilika, P0604 na P0605 kwa kumbukumbu za ndani, na P0606 kwa kichakataji. Hata hapo tahadhari inahitajika. P0603 huweza kujitokeza kwa sababu tu betri ilifunguliwa au volti zilianguka wakati wa kupiga stata, na P0602 yaweza kumaanisha kwamba kompyuta ni nzima ila programu yake iliandikwa nusu. Fomu ya kampuni hii inalijua hilo. Ukiweka P0602 peke yake, jibu lao ni kwamba ujaribu kwanza kuandika programu upya kabla ya kununua chochote. Kampuni inayokushauri usinunue bidhaa yake inastahili kusifiwa, na sifa hiyo siioni mara kwa mara katika biashara hii.

Swali lao jingine linahusu kilichoiua kompyuta ya zamani. Transista inayoendesha koili ya kuwashia haiungui bila sababu. Mara nyingi koili au injekta imepiga shoti ndani, umeme mwingi kupita kiasi umepita kwenye transista ile, na kompyuta imeungua mahali pale. Ukifunga kompyuta nyingine bila kuibadilisha koili hiyo, utaiunguza nayo. Kwa hiyo wanataka ukinzani wa koili na injekta upimwe, na dhamana yao haifidii kompyuta itakayorudi ikiwa na alama ya kuungua katika saketi ileile. Ni sharti kali lakini halina ujanja ndani yake. Vifo vingine havina mhusika wa nje: maji kupenya kwenye kifuniko, kapasita za zamani kuvuja na kuila bodi, joto na mtikisiko wa injini kupasua sehemu za solda. Si magari machakavu pekee yanayopatwa. Mwaka 2010 Toyota iliwaita Marekani na Kanada wenye magari takriban milioni 1.13 ya Corolla na Matrix ya miaka ya modeli 2005 hadi 2008, kwa sababu kompyuta za injini zilikuwa na kasoro ya utengenezaji ambayo ingeweza kupasua solda na kulifanya gari lizime au likatae kuwaka.

Kuhusu bidhaa yenyewe, sina mengi ya kulalamikia. Kompyuta hufika ikiwa kwenye mfuko unaozuia umeme tuli, pini zikiwa zimefunikwa, na bodi ikiwa imepakwa upya ile rangi angavu ya kukinga unyevu. Nimefungua moja iliyokuwa nje ya dhamana ili nione kazi ya ndani: solda ilikuwa safi, kapasita zilikuwa mpya, na gundi ya kifuniko ilikuwa imezungushwa pande zote bila pengo. Namba ya vifaa kwenye lebo ililingana na ya zamani kila mara. Hilo ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa kuwa kompyuta mbili zinaweza kuwa na umbo moja, soketi moja, hata zikaingia kwenye gari bila kulazimishwa, na bado zikatofautiana kwa aina ya gia, kwa mfumo wa kutolea moshi au kwa sensa zinazotarajiwa.

Pamoja na kompyuta huja karatasi yenye VIN iliyoandikwa, namba ya utambulisho wa kalibresheni (yaani ya programu na majedwali yake) na namba ya uthibitisho wa kalibresheni, inayojulikana kwa herufi CVN. Hapa nawapa alama zote. Mashine yoyote nzuri ya OBD-II, ikiingia kwenye huduma namba 09, inazisoma taarifa hizo kutoka ndani ya kompyuta, na CVN hukokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye kumbukumbu, kwa hiyo mtu akigusa jedwali la mafuta au akizima ufuatiliaji wa kichujio cha moshi, namba hiyo hubadilika. Anayekuandikia CVN kwenye karatasi amekupa njia ya kumhakiki. Nimezilinganisha, na zimekuwa sawa. Nimewahi kupokea kutoka kwingine kompyuta ambayo VIN yake ilikuwa ya gari nisilolijua kabisa, na muuzaji hakuona tatizo lolote. Kompyuta ya namna hiyo inaweza kuliwasha gari katika baadhi ya mifumo, lakini siku ya ukaguzi VIN ya kwenye chasi na ile inayosomwa na mashine zitagongana, na mwenye gari ndiye atakayeulizwa maswali.

Kufunga si sehemu ngumu. Betri hufunguliwa, fundi hugusa chuma cha gari ili kutoa umeme tuli mwilini, soketi hukaguliwa kama zina kutu ya kijani au mafuta yaliyopanda kupitia waya, na kompyuta mpya hufungwa kwa boliti zilezile, kwa kuwa katika baadhi ya magari kasha lake ni sehemu ya ethi. Mafuta ndani ya soketi yasipuuzwe: sensa inayovuja huyapitisha ndani ya ganda la waya hadi kwenye kompyuta, hata kama iko mbali nayo.

Kinachoifanya kauli ya chomeka uwashe ipwaye ni imobilaiza, yaani kinga ya wizi inayozuia injini kuwaka bila ufunguo unaotambulika. Mwamba ngoma huvutia kwake, na muuzaji wa kompyuta atazungumzia VIN na programu kwa sababu hivyo ndivyo anavyoweza kuviandika akiwa mezani kwake. Lakini ndani ya kompyuta ya injini kuna mambo ya aina mbili. La kwanza ni programu pamoja na majedwali ya mafuta, cheche na hewa, ambayo ni yaleyale kwa magari yote ya modeli moja yenye vifaa sawa. La pili ni data ya gari moja: VIN, siri ya imobilaiza, marekebisho yaliyojifunzwa na, katika baadhi ya magari, masafa yaliyotembewa. Zamani data hii ya pili ilikaa kwenye chipu ndogo ya kumbukumbu, EEPROM, iliyoweza kusomwa peke yake. Katika kompyuta za baadaye, kama familia za Bosch EDC17 na MED17 zinazotumia vichakataji vya Infineon TriCore, inaweza kuwa imehifadhiwa ndani ya kichakataji chenyewe. Programu inapatikana kwa mtengenezaji wa gari. Siri ya imobilaiza mara nyingi inapatikana kwenye kompyuta iliyokufa na kwenye ile nyingine inayoshirikiana nayo.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya imobilaiza imekuwa lazima kwa magari mapya ya abiria tangu mwaka 1998, na kwingineko imeenea vilevile, kwa hiyo magari yanayokosa kifaa hiki yanazidi kupungua barabarani. Kompyuta ikichomekwa bila kuijua siri hiyo, moja kati ya mambo mawili hutokea: stata inazunguka bila injini kushika, au injini inawaka kwa sekunde moja au mbili kisha inazima, huku taa yenye alama ya ufunguo ikimetameta kwenye dashibodi. Mteja asiyejua ataamini ametumiwa kompyuta mbovu.

Namna ya kuizoesha hutofautiana kwa kiasi kinachochosha. Baadhi ya magari ya General Motors hujifunza yenyewe kwa kuacha swichi ikiwa imewashwa dakika 10, kuizima, na kurudia hadi mizunguko mitatu itimie. Baadhi ya Toyota hukubali kuunganishwa kwa pini za 4 na 13 za soketi ya OBD-II, swichi ikiachwa imewashwa kwa dakika 30. Magari mengi ya Ford yenye PATS, mfumo wao wa imobilaiza, hudai mashine maalumu na funguo mbili. Mwenye ufunguo mmoja anapaswa kutengeneza wa pili kwanza. Kwa magari ya kundi la Volkswagen hakuna njia ya dakika kumi wala thelathini: data ya imobilaiza inatakiwa ilingane kati ya kompyuta ya injini na ile inayoshikilia imobilaiza, ama kwa kuidhinishwa na mfumo wa mtengenezaji, ama kwa kuhamishwa kutoka kwenye kompyuta ya zamani.

Karatasi ya maelekezo ya kampuni hii ina ukurasa wa imobilaiza, na kwa magari rahisi maelekezo yake ni sahihi na yameandikwa kwa mpangilio. Lalamiko langu kubwa linatoka hapo. Kwa gari moja la mteja lililokuwa na ufunguo wa kubonyeza kitufe, walituma maelekezo ya kizazi kilichotangulia cha modeli hiyo, chenye ufunguo wa kuzungusha. Utaratibu ule haukuwa na maana yoyote kwenye gari lile. Fundi wao wa simu alinisaidia kwa adabu na akanipa njia sahihi, ila ilihitaji mashine ambayo mwagizaji wa kawaida hana. Taarifa ya kwamba gari lina kitufe ilikuwa kwenye fomu yao wenyewe; ni wao walioiuliza. Kampuni inayojua kuuliza swali zuri namna hiyo inapaswa pia kulisoma jibu lake.

Ndiyo maana huduma yao ya pili, ambayo kwenye tangazo imewekwa chini kwa maandishi madogo, naiona kuwa bora kuliko ile ya kwanza. Unawatumia kompyuta ya zamani, wanaisoma kumbukumbu yake yote, ya programu na ya data ya gari, kisha wanaihamishia kwenye nyingine yenye namba ileile ya vifaa. Kinachorudi ni nakala kamili. Imobilaiza haitambui tofauti, funguo zinafanya kazi, masafa ni yaleyale, na gari huwaka kama vile hakuna kilichobadilishwa. Hata kompyuta isiyowasiliana na mashine mara nyingi husomeka, kwa sababu kilichoungua ni transista ya koili au saketi ya mtandao, huku kumbukumbu ikiwa salama. Wao huifungua kasha na kuisoma moja kwa moja kwenye bodi. Inachukua muda mrefu zaidi, na gari linakaa bila kompyuta kipindi chote hicho. Kwa mwenye gari la biashara huo ni uzito wa kweli. Hata hivyo, gari likiwa na imobilaiza isiyojifunza yenyewe, mimi nachagua nakala, na ningependa wao wenyewe wawaambie wateja hivyo badala ya kuitangaza mbele ile ambayo ni haraka kwao kuiuza.

Nakala ina kasoro moja ambayo ni haki kuitaja: inanakili na ugonjwa. Ikiwa tatizo la kompyuta ya zamani lilikuwa programu iliyoharibika au iliyochezewa na mtu aliyetaka nguvu zaidi, nakala itakuwa nalo. Kampuni hulinganisha CVN na ile ya mtengenezaji kabla ya kuandika na kukuuliza kama unataka programu safi pamoja na data ya gari lako. Utaratibu huo umefikiriwa vizuri.

Baada ya gari kuwaka, kazi haijaisha, na hapa maelekezo yao yanapungua kabisa. Kompyuta mpya haijui mlango wa hewa wa gari hilo umechakaa kiasi gani, na mpaka ufundishwe, injini inaweza kunguruma juu sana au kuzimazima mguu unapotoka kwenye kanyagio. Nissan nyingi huhitaji zoezi maalumu la kujifunza hewa ya mngurumo huo, magari ya Volkswagen yana zoezi lao, na mengine hujirekebisha baada ya kuendeshwa. Katika magari ya General Motors na mengine kadhaa, kompyuta inapaswa pia kujifunza tofauti ndogondogo za gurudumu la meno linalosomwa na sensa ya krankshafti. Bila zoezi hilo msimbo P0315 hubaki, na ufuatiliaji wa silinda zinazokosa kuwaka hauaminiki. Karatasi yao haikulitaja hilo hata kwa neno moja. Fundi mwenye mashine atalitambua, lakini mwenye gari aliyeagiza mwenyewe ataona taa ya injini ikiwaka na atahisi ameibiwa.

Dizeli zina mahitaji makali zaidi. Injekta za kisasa za Bosch na Denso zina msimbo uliochapishwa juu yake unaoeleza jinsi injekta hiyo moja inavyotofautiana na kipimo cha kiwandani, na kompyuta huutumia kusawazisha mafuta kati ya silinda. Kompyuta iliyoandikwa VIN na programu pekee huja na misimbo mitupu au ya gari lingine, na matokeo yake ni mtikisiko, moshi na kelele za kugonga. Kiasi cha masizi kilichokadiriwa ndani ya kichujio cha moshi nacho hupotea, kwa hiyo kompyuta mpya inaweza kuamini kichujio kiko wazi huku kimejaa. Kabla ya kuitoa kompyuta ya zamani, kama bado inasomeka, andika misimbo ya injekta na thamani ya masizi. Kampuni huyauliza haya kwa oda za dizeli, jambo jema, ingawa kwa wanaochagua nakala hayahitajiki kwa kuwa yote huhamishwa.

Kuna watakaosema kwamba yote haya yanaepukika kwa kununua kompyuta mpya tupu na kuiandika gari likiwa mbele yako. Njia hiyo naijua na ninaitumia. Kwa magari yaliyouzwa Marekani kuanzia modeli ya 2004, watengenezaji wanalazimika kuruhusu kompyuta zinazohusu utoaji wa moshi ziandikwe kwa kifaa cha kiwango cha J2534, ambacho mtu yeyote anaweza kununua, na kwa upande wa Ulaya kanuni za moshi za Euro 5 zimefungua mlango kama huo kwa gereji huru. Ukiwa na kifaa hicho, kompyuta ya mezani na usajili wa muda kwenye tovuti ya mtengenezaji, programu inatoka chanzoni na hakuna wa kati wa kutiliwa shaka. Kwa gereji inayofanya kazi hii mara kwa mara, hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza.

Lakini nayo ina masharti yake. Uandishi huchukua dakika chache katika baadhi ya magari na zaidi ya saa nzima katika mengine, na katika muda wote huo volti zisiyumbe. Betri peke yake haitoshi, na chaja ya kawaida ya gereji haifai kwa sababu umeme wake una mawimbi yanayoweza kukatiza uandishi. Kinachotakiwa ni chanzo tulivu kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, kinachoshikilia volti 13 na kidogo. Taa za mbele, feni na redio huzimwa, na milango isifunguliwe ovyo kwa kuwa kila kompyuta inayoamka inakula umeme. Uandishi ukikatika katikati, kompyuta nyingi zinaokolewa kwa kurudia, lakini si zote. Kwa mmiliki wa gari moja au gereji inayokutana na kazi hii kwa nadra, kumlipa mtu anayeiandika mezani, kwenye umeme wa uhakika, ni uamuzi wenye akili.

Kompyuta iliyotumika, iliyochomolewa kwenye gari lililoharibika na kuuzwa bila kuandikwa chochote, siipendekezi hata kwa bei ya chini. Katika magari mengi ya miaka ya karibuni hujifunga kwa VIN ya kwanza na kukataa kuandikwa nyingine, na yenye kuhifadhi masafa italeta masafa ya gari la watu.

Jambo la amana ya kompyuta ya zamani nimeliacha hadi hapa kwa kuwa ndipo masharti yao yanapombana mteja wa huduma ya kwanza bila ulazima. Wanatoza amana na kuirudisha wakishapokea kompyuta ya zamani, kwa sharti irudi ndani ya muda waliouweka na isiwe imefunguliwa kasha. Hilo la kasha ni haki yao. Kuhusu muda, gari lililobadilishiwa kompyuta huanza upya majaribio yake ya ndani ya kichocheo cha moshi, sensa za oksijeni na mvuke wa mafuta, na majaribio hayo hukamilika kwa kuendesha katika hali mbalimbali: injini kuanza ikiwa baridi, mwendo wa mji, mwendo wa kasi isiyobadilika, tangi likiwa halijajaa wala halijaisha. Kwa dereva wa safari fupi yanaweza kuchukua muda mrefu kuliko ule walioutoa. Mpaka yakamilike na taa ya injini ibaki imezimika, kompyuta ya zamani ndiyo hazina ya siri ya imobilaiza na misimbo ya injekta endapo itabidi kutengeneza nakala, na kuirudisha mapema ni kuipoteza hazina hiyo. Nilipowauliza, walikubali kuisoma kompyuta iliyorudishwa mara tu inapofika na kuhifadhi faili lake kwa jina la oda hadi dhamana iishe. Hawalitangazi popote, anayeagiza aombe jambo hilo kwa maandishi kabla ya kulipa amana.